Shangazi Alipochemsha Wembe wa Ukoo

Ugonjwa wa kwanza ulionitia aibu maishani ulinikaa kichwani, mahali ambapo mtu hawezi kuficha kitu. Ulianza nyuma ya sikio la kushoto: duara dogo la kijivu, lenye magamba, linalowasha. Nywele za hapo zilikatika zenyewe zikabaki vishina. Wiki mbili baadaye maduara yalikuwa matano, na moja lilikuwa limeshuka mpaka kwenye paji la uso. Tuliyaita mapunye. Kila mtu aliyajua, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeyahurumia. Ukiugua homa, majirani walikuja kukujulia hali. Ukiugua mapunye walikucheka, halafu wakawaita watoto wao wasikae karibu nawe.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi, kwa hesabu ya mama, ambaye alihesabu umri wetu kwa nzige na njaa. Ilikuwa enzi za Mwingereza, kijijini kwetu Iramba, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Misigiri. Nilikuwa darasa la nne, mmoja wa wasichana wanne darasani, na mwalimu alikuwa ametuambia kwamba msichana atakayefaulu mtihani wa mwisho wa mwaka angeweza kupata nafasi katika shule ya kati ya wasichana, ya bweni. Niliitaka nafasi ile kwa moyo wangu wote. Sitajidai hapa kwamba nilikuwa na kiu ya elimu. Nilitaka kulala kitandani badala ya kulala juu ya ngozi ya ng'ombe, na nilitaka kukaa miaka minne bila kutwanga uwele. Elimu niliipenda baadaye, tulipozoeana.

Kila Jumatatu mwalimu alitukagua kabla ya kuingia darasani. Alitazama kucha, meno na nguo, kisha akatupekua nywele kwa ncha ya fimbo ili mkono wake usiguse chochote. Jumatatu ile fimbo ilisimama nyuma ya sikio langu. Ikazunguka, ikasimama tena. Akasema kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ananiambia ni saa ngapi, "Nenda nyumbani. Urudi kichwa kikiwa safi. Kama hakijawa safi, usirudi." Wavulana wakacheka. Niliondoka nikiwa nimejifunika kitenge cha mama nilichokuwa nimefungia vitabu, na vitabu nikavishika mkononi kama mtu aliyefukuzwa kwa wizi.

Nyumbani nikakuta si mimi peke yangu. Ukoo wetu ulikuwa umejenga tembe zake karibu karibu, na katika zile nyumba watoto tisa walikuwa na vichwa kama changu. Kadogo ketu kamoja, ka miaka mitatu, kalikuwa na hali mbaya zaidi: kichwa kilikuwa kimetumbuka, usaha ukitoka chini ya magamba ya njano, na tezi za shingoni zilikuwa zimevimba mpaka kakawa hakawezi kugeuka. Mama yake alikuwa anampaka majivu na samli. Mama yangu alinipaka maji ya majani machungu ambayo mpaka leo sijui ni ya mti gani, ila najua yaliwasha kuliko mapunye yenyewe. Baba mkubwa, kaka mkubwa wa baba na msemaji wa ukoo tangu babu afariki, alisema kwamba watoto tisa hawawezi kuugua kitu kimoja kwa siku moja bila mtu kuwatazama kwa jicho baya. Watu wazima wakaanza kuulizana kwa chinichini ni jicho la nani.

Hapo ndipo niseme habari za babu. Alikuwa amefariki yapata wiki tano kabla. Kwetu, siku ya nne baada ya maziko, ukoo wote ulinyolewa: wanaume, wanawake, watoto, hata waliozaliwa jana. Tulinyolewa na mtu mmoja, kwa wembe mmoja, mpaka upara. Wembe wenyewe haukuwa wa dukani. Ulikuwa kipande cha chuma kilichofuliwa na mhunzi kabla baba hajazaliwa, kifupi, kipana kama kidole gumba, na kilitunzwa ndani ya kifuko cha ngozi. Kunyoa kulianza na mkubwa kukashuka kwa umri, na kati ya kichwa na kichwa wembe haukuoshwa. Mnyoaji aliufuta tu kwenye kiganja chake na kuendelea. Kuuosha katikati ya watu kungekuwa sawa na kusema kwamba damu ya huyu ni uchafu kwa yule. Wembe mmoja usiooshwa ndio uliotufanya kuwa watu wa marehemu mmoja. Nilifundishwa hivyo, na nikaona ni jambo zuri. Mpaka leo, nikiwa mzee na baada ya kuusafisha mwili wa binadamu kwa dawa za kila aina hospitalini miaka mingi, bado naona lilikuwa wazo zuri. Tatizo ni kwamba mapunye nayo yalilipenda.

Mnyoaji alikuwa shangazi, dada pekee wa baba.

Nikimwandika shangazi naogopa kumpunguza. Alikuwa mrefu, mkavu, mjane tangu ujanani, mnusaji mkubwa wa ugoro, na hakuwa na subira na mtu anayezungumza polepole. Alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume wa miaka ishirini na kitu, aliyekwenda kwenye mashamba ya mkonge kwa mkataba kama vijana wengi wa kwetu. Mkono wa shangazi ulikuwa mwepesi ajabu. Alikunyoa ukiwa unasinzia. Aliwanyoa watoto wachanga wakiwa wananyonya, na hakuna aliyewahi kumwona akitoa damu kichwani mwa mtu. Watu wa koo nyingine walikuja kumtazama tu akifanya kazi yake. Alijua kwamba ni fundi, na hakujifanya hajui. Nyumbani kwetu alikuwa anasikilizwa na kila mtu, hata baba mkubwa, ingawa baba mkubwa alisikiliza akiwa ametazama pembeni.

Siku ya tatu tangu nifukuzwe shuleni alikuja kwetu asubuhi. "Shikamoo shangazi," nikasema kutoka chini ya kitenge.

"Marahaba. Toa hilo tambara nione."

Akanishika kichwa, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole pole pole juu ya kila duara. Yeye ndiye mtu wa kwanza kunigusa pale tangu mambo yaanze. Mama mwenyewe alinipaka ile dawa yake kwa jani. Nakumbuka nililia, na shangazi akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana.

"Basi unalilia nini? Vaa. Tunakwenda kwa dresa."

Dresa tulimwita yule mtu wa dispensari ya serikali iliyokuwa kwenye barabara ya kwenda Misigiri: kaptula ya kaki, koti jeupe, chumba kimoja chenye rafu ya chupa. Shangazi alimbeba mgongoni yule mtoto wa miaka mitatu mwendo wote ule, na mimi nikafuata nyuma. Hakupumzika hata mara moja. Nilipomwambia miguu inaniuma alisema nishukuru, maana waliokufa haiwaumi.

Dresa alikuwa kijana kutoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kirefu na laini. Shangazi alijua Kiswahili cha gulioni tu, cha kununua chumvi. Kwa hiyo kazi ya kutafsiri ikawa yangu. Mwanzoni ilikwenda vizuri, nikajiona mtu mkubwa. Dresa aliukagua ubongo wetu wa nje, kama alivyouita kwa mzaha, hata akaninusa kichwa, kisha akaeleza kwamba hapa kuna magonjwa mawili. La kwanza ni kuvu, ileile familia ya kuvu inayoota kwenye ugali uliolala, ila hii imejifunza kula ngozi na nywele. La pili ni la yule mdogo: alijikuna, ngozi ikachanika, na vijidudu vya usaha vikaingia kwenye michubuko. Moja limemfungulia mwenzake mlango. Haya yote nilimtafsiria shangazi neno kwa neno, naye akatikisa kichwa kukubali.

Nikamwambia dresa kwamba nyumbani wamebaki wengine saba, na kwamba ukoo mzima, watu kama arobaini, ulinyolewa kwenye msiba wa babu. Dresa akauliza, "Hawa watoto tisa, nani aliwanyoa?"

Nilitafsiri. Shangazi akajibu, "Mimi."

"Kwa wembe mmoja?"

"Mmoja."

Dresa akasema maneno mengi. Alisema wembe huo ndio uliobeba kuvu kutoka kichwa cha kwanza chenye ugonjwa ukaipanda kwenye vichwa vyote vilivyofuata, na kwamba wadogo ndio walioumia kwa sababu walinyolewa mwisho. Alisema kunyoa watu arobaini kwa wembe usiooshwa ni sawa na kuwalisha wote kwa kijiko cha mgonjwa. Alisema huyu mama amewaambukiza watoto wake mwenyewe. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma.

Mimi nikamgeukia shangazi, yule fundi wa mafundi, na sikuweza. Nikasema, "Anasema ni vumbi la kiangazi."

 Shangazi akatoa ugoro, akaunusa, akafunga kopo lake.

"Yeye ametoa maneno ya kujaza debe," akasema. "Wewe umenipa ya kujaza kisoda. Mimina yaliyobaki."

Nikayamimina. Niliyasema nikitazama sakafu. Nilipomaliza nilingoja amtukane dresa, na alikuwa na uwezo huo, maana hakuna mtu wa upande ule aliyemshinda kwa matusi. Badala yake akauliza swali. Akataka kujua kama kuvu hiyo hufa.

Dresa akasema hufa. Kwenye ngozi hufa taratibu, kwa kunyoa, kuosha kwa sabuni na kupaka marhamu kila siku kwa wiki nyingi, na mtu asichoke. Kwenye chuma hufa kwa maji yanayochemka. Akawasha stovu yake, akaweka sufuria, na maji yalipotokota akatumbukiza mkasi wake mwenyewe ili tuone. Shangazi aliinama juu ya ile sufuria mpaka mvuke ukamlowesha uso. Akasema kwa Kinyiramba, akijisemea zaidi ya kutuambia, kwamba yeye hajawahi kumimina maziwa mapya kwenye kibuyu ambacho hajakifukiza kwa moto, maana maziwa ya jana huharibu ya leo. Kila mwanamke analijua hilo. "Na wembe nilikuwa naufuta kwenye kiganja," akasema. "Miaka yote hii."

Nimefanya kazi na watu wengi waliosoma. Nimewaona wakionyeshwa kosa lao kwa karatasi, na wakalikana wakiwa wameishika karatasi mkononi. Ndiyo maana siwezi kuwavumilia wanaosema kwamba wazee wetu walikuwa wajinga waliong'ang'ania mila. Mwanamke yule hakujua kusoma. Aliambiwa na kijana wa watu, kupitia kinywa cha mtoto mwongo, kwamba kazi iliyompa heshima maisha yake yote ndiyo iliyowatia watoto ugonjwa. Ilimchukua muda wa maji kuchemka kukubali.

Tuliporudi aliita watoto wote tisa uani kwake. Kila siku kwa miezi miwili na zaidi alitusugua vichwa kwa sabuni, akatukausha kwa vitambaa tisa tofauti alivyovitundika kwenye ua kwa mpangilio, na ole wake aliyegusa cha mwenzake. Kisha akatupaka marhamu iliyonuka na kuchoma. Mdogo alipakwa dawa ya zambarau kila asubuhi, na alipelekwa tena kwa dresa kuchomwa sindano mpaka usaha ukakauka. Kwa majuma kadhaa alitembea kijijini na kichwa cha rangi ya zambarau iliyokolea, akiwa na furaha kubwa, akiwapaka na wengine kwa kujisugua kwao.

Katikati ya mambo hayo mwana wa shangazi akarudi kutoka mkonge. Alirudi amekonda, anakohoa, na alikuwa mcheshi vilevile. Alikuwa ananiita bibi kipara. Aliketi kwenye kivuli cha ukuta akituangalia tukipakwa, akasema mama yake ameacha kulima mtama siku hizi analima vichwa. Mimi nilimpenda sana kwa sababu alinitania mbele yangu. Wengine walinitania nyuma.

Kichwa changu kiliruhusiwa kurudi shuleni zikiwa zimebaki wiki nne kabla ya mtihani. Nilisoma kama mtu anayefukuzwa na simba, nikafaulu. Barua ikaja kwa mwalimu ikisema nafasi ipo, na ikaongeza jambo ambalo mwalimu alilisoma mara mbili: kila mwanafunzi mpya atakaguliwa mlangoni siku ya kufungua, na mwenye ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza atarudishwa kwao, na nafasi yake atapewa mwingine. Bweni lenye vichwa sitini halikutaka mapunye. Mwalimu akanitazama kichwa, na mimi nikajishika kichwa.

Zilikuwa zimebaki wiki sita shule ifunguliwe mwana wa shangazi alipofariki.

Nasema kweli yote, hata isiyopendeza. Nilipoamka asubuhi na kusikia vilio nililia sana, kwa sababu alikuwa amekufa mtu aliyenifanya nicheke wakati wengine wote wananicheka. Lakini kabla jua halijapanda nilikuwa nimekwisha kuwaza siku ya nne. Wembe. Katika ukoo walikuwapo bado watoto watatu ambao mapunye yao yalikuwa hayajaisha, na baba mkubwa mwenyewe alikuwa anajikuna kisogo chini ya kofia. Wembe ungeanza na yeye, ungepita kwa wote, ungenifikia mimi. Baada ya wiki kadhaa maduara yangechomoza, wakati uleule ninaposimama mlangoni mwa shule. Na kukataa kunyolewa hakukuwezekana. Asiyenyolewa alikuwa anatangaza kwamba marehemu si wake. Hata mama hakuthubutu kulisema. Nilimwona tu akinitazama kichwa kila anapopita na maji.

Siku ya nne tukakusanyika uani. Kwa kawaida mfiwa mkuu hanyoi, hunyolewa. Lakini mnyoaji wa ukoo alikuwa ndiye mfiwa. Baba mkubwa alipendekeza mwanamke mwingine aushike wembe kwa leo, na shangazi akasema wembe ni wake na watu ni wake. Hakuwa amelia mbele ya watu tangu maziko. Macho yake yalikuwa makavu, na kopo la ugoro hakulishika siku zote nne.

Penye mafiga matatu palikuwa na sufuria kubwa. Sisi wote tulidhani ni ya uji wa wageni.

Baba mkubwa akavua kofia, akaketi kwenye kigoda. Shangazi akamlowesha nywele, akamnyoa kwa ule mkono wake mwepesi, taratibu kama kawaida, mpaka kichwa kikang'aa na kile alichokuwa akikificha kisogoni kikaonekana na kila mtu. Kisha, badala ya kuufuta wembe kwenye kiganja, akaenda kwenye mafiga. Maji yalikuwa yanatokota. Akautumbukiza wembe ndani akiwa ameufunga kwenye waya mrefu, akasimama anasubiri.

Watu wakainuka kutazama ndani ya sufuria. 

"Unaosha damu yangu?" baba mkubwa akauliza.  Alikuwa ametukanwa mbele ya ukoo, kwa namna alivyolielewa jambo lile, na sitamlaumu.

"Naichemsha, kaka," shangazi akasema. "Na yangu nitaichemsha."

"Unatutenganisha na marehemu."

Shangazi akauvuta waya, akautazama wembe unaotoa mvuke, akaurudisha ndani.

"Aliyelala kaburini ni mwanangu," akasema. "Kama kuna mtu wa kukasirika leo kwamba ndugu zake wanatenganishwa naye, ni yeye, na aliyemzaa ni mimi. Mimi sijakasirika. Kwenye msiba wa baba niliwanyoa ninyi nyote bila kuosha, na watoto tisa nikawapa ugonjwa kwa mkono wangu huu. Mlikuwa mnatafuta jicho la nani. Lilikuwa wembe wangu. Sitawapa tena ugonjwa kwa jina la mwanangu. Anayetaka kunyolewa, akae. Asiyetaka, aende, na sitamwuliza."

Wanawake wawili wakaondoka. Baba mkubwa akavaa kofia yake juu ya upara mpya, akaenda kukaa mbali, lakini hakuondoka uani. Kisha mama yangu, ambaye katika ukoo ule alikuwa mke tu na hakuwa na haki ya kusema, akainuka kimya akachochea moto. Baada ya hapo baba akakaa kwenye kigoda.

Kazi ile iliyozoeleka kuchukua nusu ya asubuhi ilichukua siku nzima. Kila kichwa, shangazi alikinyoa, akaenda kwenye moto, akasubiri maji yautokose wembe kwa muda alioelekezwa, akaupoza, akarudi. Mara thelathini na kitu. Watu walichoka kukaa, yeye hakuchoka kusimama. Mama aliongeza kuni na maji. Nilimtazama yule mwanamke mkavu akienda na kurudi kati ya kigoda na mafiga, siku ya nne tangu amfukie mtoto wake pekee, na sijawahi kumwona mtu mwingine aliyesimama vile. Na ndani ya kifua changu nilikuwa na furaha. Niliificha usoni lakini ilikuwepo, nzima, inaruka. Kila mara wembe ulipozama kwenye maji nilisema moyoni, nitakwenda.

Nilikwenda kweli. Wiki sita baadaye, mlangoni, mama mmoja wa bweni alinipekua kichwa kwa vidole vyake viwili, akaniambia niingie. Waliokuwa nyuma yangu kwenye mstari, wawili walirudishwa, na vilio vyao nilivisikia nikiwa tayari ndani, nikichaguliwa kitanda.

Lakini siku ile ya kunyoa, zamu yangu ilifika jua likiwa limeinama. Aliponimaliza mimi na wadogo walionifuata, ukoo ulikuwa umekwisha. Akabaki yeye. Hapakuwa na mtu wa kumnyoa, na sidhani angemruhusu. Akaketi kwenye kigoda akajinyoa mwenyewe kwa kupapasa, bila kioo, mkono mmoja ukitangulia kutafuta na mwingine ukifuata na wembe. Watu walikuwa wanaondoka kwenda kula. Mimi nilibaki nikimshikia kibuyu cha maji. Alipomaliza akauchemsha wembe tena, ingawa baada yake hapakuwa na kichwa kingine.

Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Ulikuwa umefurahi leo?"

Nikasema hapana.

"Nimekuona," akasema. "Kila nilipouweka kwenye maji nilikuwa nakutazama wewe. Sema."

Nikamwambia kweli, kwamba nilifurahi, siku ya msiba wa mwanawe nilifurahi siku nzima. Akanivuta nikakaa chini karibu na magoti yake. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza, kwa sauti kubwa ambayo iliwarudisha watu uani, na mimi nikamshika kichwa kile kipya kwa mikono yangu miwili, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kufanya.